Siri ya Mganga ni Mali ya Nani?

Mtu ajuaye dawa ya ugonjwa, je, ana haki ya kuificha? Swali hili ni jepesi kulitamka, lakini kulijibu ni kazi, na watu wa Handeni na Korogwe wastahili kuulizwa kabla ya wengine. Ni wilaya chache katika nchi yetu ambazo majina yake yamefungamanishwa na uganga kama Handeni. Katika mizaha ya mijini hutajwa pamoja na Sumbawanga, na msafiri asemaye kwamba atashuka Segera huulizwa kwa kicheko kama amefuata dawa. Mizaha hiyo haiwatendei haki Wazigua, wala jirani zao Wasambaa na Wabondei, kwa maana huchanganya watu wawili wasiofanana: mpiga ramli amtajaye jirani kuwa mchawi, na mzee ajuaye ni gome lipi hutuliza tumbo. Serikali ilipowapiga marufuku wapiga ramli mwaka 2015, kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, ilimkusudia yule wa kwanza. Sisi leo twazungumza juu ya yule wa pili.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya dawa za miti haikufichwa kamwe. Mama wa Korogwe ajua kuchemsha majani machanga ya mpera mtoto akiharisha, na kufukiza kivumbasi jioni ili mbu wapungue nyumbani. Katika nyika ya Handeni, ambako mvua ni ya kubahatisha na mikwaju na mibuyu hustahimili ukame, maji ya ukwaju hunywewa na mwenye homa na mwenye tumbo gumu. Utomvu wa mshubiri hupakwa penye ngozi iliyoungua. Mizizi ya mtunguja hutafunwa na mwenye kuumwa jino. Mwarobaini nao umesimama katika nyua nyingi, na jina lake lenyewe lasema kwamba watu waliutarajia uponye maradhi arobaini. Dawa hizi hazina mwenyewe. Zimegawanywa juu ya ua, bibi kwa mjukuu, jirani kwa jirani, bila malipo na bila sherehe.

Tena, jambo ambalo wengi hawalifikiri, kadhaa kati ya miti hii tunayoiita ya asili ni wageni. Mwarobaini watoka Bara Hindi, na mlonge vivyo hivyo. Mpera na mpapai ilivuka bahari kutoka Amerika, kama yalivyovuka mahindi na mihogo. Basi hapakuwa na babu wa kale aliyeacha wasia wa mwarobaini. Mtu fulani, ambaye jina lake halikuandikwa, aliuona mti mgeni, akaonja jani lake chungu, akaulinganisha uchungu huo na ule wa miti aliyoijua, akajaribu, akamwambia mwenzake. Asemaye kwamba mila yetu ni kushika ya zamani bila kuuliza hajaitazama mila hiyo kwa makini. Ilikuwa ikiuliza siku zote.

Lakini zipo dawa nyingine zenye wenyewe. Mganga hakuzaliwa anazijua. Alizirithi kwa baba au kwa mjomba pamoja na mkoba, au alizinunua kwa mganga mwenziwe kwa mbuzi na kuku, au alizitumikia miaka mingi akimbebea mwalimu wake mizigo porini. Siku ya kuachiwa huru alitoa kilemba, kama mwanafunzi wa useremala au wa uashi alivyomtolea fundi wake. Dawa iliyopatikana kwa njia hiyo ni mali, kama shamba lilivyo mali. Ajapo mtu wa mjini na daftari lake, akamwomba mganga amtajie mti bure kwa faida ya taifa, mganga hunyamaza, au humtajia mti mwingine kabisa. Tusiwe wepesi wa kumwita mchoyo. Seremala hatumwiti mchoyo kwa kuwa hafundishi kila mpita njia.

Naye ana sababu ya kuogopa, na ushahidi wake hauko mbali. Mashariki ya Korogwe yasimama milima ya Usambara ya Mashariki. Huko Amani, Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, wakapanda, pamoja na miti mingine ya kigeni, ule mti utoao kwinini. Kwao ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Katika karne ya 17 Mapadre Wajesuiti walilipeleka gome lake Ulaya, hata likaitwa gome la Wajesuiti, na mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, wakaitenga kwinini yenyewe. Biashara ikawa kubwa, na nchi za Andes zikazuia mbegu zisitoke. Mwaka 1865 mfanyabiashara Mwingereza, Charles Ledger, alizipata mbegu bora za Bolivia kwa mkono wa mtumishi wake, Manuel Incra Mamani, mwenyeji aliyeijua miti hiyo mmoja mmoja. Mbegu ziliuzwa kwa Waholanzi, zikapandwa katika kisiwa cha Java, na baadaye Java ikawa ndiyo iuziayo dunia sehemu kubwa ya kwinini yake. Ledger jina lake likabandikwa kwenye mti. Mamani alikamatwa na wakuu wa nchi yake kwa kosa la mbegu hizo, akapigwa, akafa.

Hiyo ndiyo habari ya mtu aliyejua mti. Mkataba wa mataifa juu ya viumbe hai, uliotiwa sahihi Rio de Janeiro mwaka 1992, na itifaki yake ya Nagoya, Japani, ya mwaka 2010, viliwekwa ili mambo ya namna hiyo yasirudiwe: mwenye ujuzi aombwe idhini kwanza, na faida ikipatikana agawiwe. Ni sheria njema. Ila mzee wa Kwamsisi hana wakili, na karatasi za Nagoya hazijafika barazani pake.

Basi twausema upande wa mganga bila kigugumizi. Jina la mti wake, mahali unapoota, na wakati wa kuuchimba ni vyake, naye ana haki ya kuvilinda mbele ya mfanyabiashara. Je, ana haki hiyo mbele ya mgonjwa?

Tuutazame mnyonyo, uotao wenyewe kando ya barabara na penye majalala. Mafuta yake ni haluli iliyojulikana duniani kote tangu kale; mbegu yake ikitafunwa ni sumu iwezayo kuua. Mti ni mmoja. Mauti na tiba vyatenganishwa na namna ya kutengeneza, na kiasi. Au tuutazame mwarobaini wenyewe, rafiki wa kila ua: mafuta ya mbegu zake yamewadhuru watoto wachanga walionyweshwa, wakatapika, wakazama katika usingizi usio wa kawaida, wakakakamaa. Kadhalika ipo miti iongezayo uchungu wa kuzaa. Nguvu yake ikizidi, kizazi chaweza kupasuka. Mkunga ampa mzazi mchemsho huo asiseme neno, mambo yanapoharibika mzazi akimbizwa hospitali usiku, na daktari humkuta mtu ambaye mwili wake unafanya jambo asiloweza kulifasiri. Akimwongezea dawa ya uchungu juu ya ile asiyoijua, ukimya wa mkunga utakuwa umepata mikono miwili zaidi.

Mgonjwa huyo hahitaji kujua mti waitwaje kwa Kizigua. Ahitaji kujua kama dawa ni ya kunywa au ya kuoga, na ni kiasi gani. Kama mjamzito aweza kuinywa. Kama aweza kuichanganya na vidonge vya hospitali. Na ni dalili gani zikionekana aiache mara moja. Maneno hayo hayakununuliwa kwa mbuzi wala kwa kuku. Hata kama yalinunuliwa, si mali ya mganga, bali ni ya mwenye mwili. Kwa hiyo twaona kwamba ndani ya neno moja, siri, zimo siri mbili. Moja humlinda mtu asiibiwe, na hiyo ni halali. Nyingine humwacha mtu anywe asichokijua, na hiyo haiwezi kuhalalishwa na urithi wowote, hata kama mkoba umepita mikono saba.

Wazazi wa Tanga na wa pwani nzima walilipa gharama kubwa kwa jambo la namna hii. Mtoto aliyeshikwa na malaria kali hukakamaa, macho yakageuka, mwili ukatukutika. Wazee waliita degedege, na wengi waliamini kwamba ni ugonjwa mbali, usiohusiana na homa ya malaria. Wakaamini pia kwamba mtoto mwenye degedege akipigwa sindano hufa. Kwa hiyo alipelekwa kwa mganga kwanza, akafukizwa, akaogeshwa majani. Mara nyingi mtukutiko ulikoma, kwa kuwa mtukutiko wa homa hukoma wenyewe baada ya dakika chache. Mganga akasifiwa, huku malaria ikiendelea kuila damu ya mtoto. Siku ya pili au ya tatu, hali ilipokuwa mbaya mno, alifikishwa hospitali, akapigwa sindano, akafa. Na ile imani juu ya sindano ikapata shahidi mpya. Hatusemi kwamba waganga hao walikusudia ubaya. Wengi wao walilia pamoja na wazazi. Lakini neno gumu kuliko yote katika kazi ya uganga, ama wa mkoba ama wa hospitali, ni kusema mapema kwamba haya yamenishinda, mpelekeni kwa mwingine.

Wala mtu asidhani kwamba kuutaja mti kwatosha. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliwanywesha maelfu kwa maelfu kikombe cha dawa katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Hakuna awezaye kumshtaki kwa uchoyo. Bei ilikuwa ndogo, na mti wake, mugariga, ulijulikana nchi nzima kwa siku chache. Hata hivyo wako waliofia njiani katika foleni za magari, na wako waliokunywa, wakarudi nyumbani, wakaacha dawa zao za Ukimwi, wakazidiwa. Waliambiwa mti. Hawakuambiwa mpaka wa dawa uko wapi, na hilo ndilo lililowaua.

Korogwe yenyewe yatupa kipimo cha kulinganisha. Kati ya mwaka 2009 na 2014 watoto wa huko walikuwa miongoni mwa watoto wa vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, walioshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Kwa Tanzania vituo vilikuwa Korogwe na Bagamoyo, na Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo itumiwe mwezi Oktoba 2021. Kanuni ya majaribio ya namna hiyo ni kwamba kabla mtoto hajachomwa, mzazi huelezwa kwa lugha yake ni kitu gani kitaingia mwilini mwa mwanawe, kwa sababu gani, na madhara gani yaweza kutokea. Hutia sahihi au dole gumba, na huambiwa kwamba aweza kukataa na asichukiwe. Angalieni: kiwanda hakikumpa mama wa Korogwe siri ya kutengeneza chanjo. Siri hiyo ilibaki kiwandani, nayo ina thamani ya fedha nyingi kuliko mikoba yote ya Handeni. Lakini yaliyouhusu mwili wa mtoto aliambiwa. Kama sindano ina wajibu huo, kwa nini chungu kisiwe nao?

Wako watakaojibu kwamba dawa za kienyeji haziko hivyo: dawa ikitajwa hupoteza nguvu. Hatupendi kuwadhihaki wasemao hivyo, kwa maana twajua kwamba katika uganga utii wa masharti ulikuwa sehemu ya heshima ya kazi. Lakini tuwape habari moja. Katika karne ya 4 tabibu mmoja Mchina, Ge Hong, aliandika katika kitabu chake cha tiba namna ya kutumia mmea fulani kwa mgonjwa wa homa za vipindi: kiasi cha konzi moja, uloweshwe katika maji, ukamuliwe, maji yake yanywewe. Zilipita karne 16. Bibi Tu Youyou wa Beijing, aliyekuwa akitafuta dawa ya malaria, alikuwa ameujaribu mmea huo asipate matokeo ya kuaminika. Aliposoma tena maneno yale ya kale aliona kwamba tabibu hakutaja moto. Akaacha joto kali, akatumia joto dogo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 dawa ikapatikana. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa mseto, iliyochaguliwa na Tanzania mwaka 2006 kuwa dawa ya kwanza ya malaria, ambayo mama wa Mkata humpa mtoto wake leo kutoka zahanati, imetoka katika mistari ile michache. (Hii haina maana kwamba mtu achemshe majani ya mmea huo akaacha vidonge, Shirika la Afya Duniani halikubali jambo hilo.) Ge Hong aliandika kiasi na namna, nguvu ikakaa karne 16 bila kupungua.

Tumewasema waganga wa jadi, sasa na wale wa koti jeupe. Lugha yetu haikuwatenga watu hawa: mkubwa wa madaktari wa wilaya huitwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kwa neno lile lile. Lakini katika vyumba vya wagonjwa mtengano upo, na mara nyingine wafanywa kwa ukali. Mama aulizwa mbele ya watu: umempa mtoto dawa za kienyeji? Aona uso wa muulizaji, ajibu: hapana, sijampa kitu. Hapo siri mbaya imezaliwa, na aliyeizaa si mganga. Muuguzi aulizaye kwa upole, kama aulizavyo mtoto alikula nini jana, atapata jibu la kweli, na jibu hilo laweza kuokoa ini au figo za mtoto huyo. Si ndoto. Mkoa huuhuu wa Tanga, katika miaka ya 1990, Ukimwi ulipokuwa hauna dawa kwa maskini, palikuwa na madaktari na waganga wa jadi walioketi pamoja, wakawahudumia wagonjwa wale wale kwa kuheshimiana, na kundi lao lilijulikana hata nje ya nchi kwa jina la Tanga AIDS Working Group. Muhimbili nako dawa za miti zimechunguzwa tangu mwaka 1974, na sheria ya mwaka 2002 imeweka baraza la kuwasajili waganga. Njia zimelimwa. Waogopao kuzipita wako pande zote mbili.

Kuna jambo jingine linaloharakisha shauri hili. Miti yenyewe yapungua. Tangu enzi za Wajerumani mkonge ulichukua ardhi nyingi ya bonde la Korogwe, na tanuri za mkaa zinaendelea kuila nyika. Mzee aliyekuwa akichimba mzizi nyuma ya nyumba sasa hutembea nusu siku. Na watu nao wahama. Tangu mwaka 2022 familia nyingi za Wamasai wa Ngorongoro zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Wamasai wana elimu yao ya miti, ya kutia katika supu na ya kunywa, iliyosifiwa hata mijini. Lakini elimu iliyofunzwa katika nyanda za juu zenye baridi haiwezi kuifahamu yote nyika ya Handeni. Mama wa Kimasai aliyefika huko atajua mti upi ni sumu kwa nani, kama si kwa jirani yake Mzigua? Na Mzigua naye ana mengi ya kumwuliza mfugaji juu ya maradhi ya mifugo. Tungefurahi kusikia kwamba mazungumzo hayo yamekwisha anza visimani na malambo yanapochimbwa, bila kungoja semina.

Twarudi kwa mwenye mkoba. Mjukuu wake leo yumo katika shule ya sekondari, Korogwe au Handeni mjini, na huenda mkoba hautaki; apenda kuwa mwalimu, au dereva, au daktari. Asilazimishwe. Lakini kalamu anayo. Likizo ijayo na aketi na babu jioni mbili tatu, akiwa amekuja na kuku wa kilemba, kwa maana babu hakupewa bure. Aandike mti kwa jina la Kizigua au la Kisambaa, kwa kuwa jina la Kiswahili mara nyingi huichanganya miti miwili. Aandike kama ni gome, jani au mzizi, vikombe vingapi vya maji, siku ngapi, mtoto wa umri gani asipewe, mjamzito afanyeje, na babu mwenyewe alipata kuona madhara gani. Na babu akitaka kwamba kurasa zenye majina ya miti zishonwe kwa uzi, zisifunguliwe mpaka atakapokufa, zishonwe. Zile za kiasi na hatari ziachwe wazi, na mkunga wa kijiji apewe nakala.